Dishi, diski au bando: hesabu ya televisheni Lusewa

MSIMU wa ufuta na tumbaku unapofungwa katika Wilaya ya Namtumbo, sehemu ya fedha za wakulima hugeuka bati, pikipiki na televisheni. Kwa wenye maduka ya vifaa vya umeme katika kata ya Lusewa, mkoani Ruvuma, hiyo ndiyo miezi ya kuuza, na swali analokuja nalo mteja limebadilika. Zamani aliuliza televisheni ni ya inchi ngapi. Siku hizi anauliza aifunge kwa kitu gani: dishi na king'amuzi cha kawaida, king'amuzi chenye diski ya kurekodi vipindi, au boksi dogo la intaneti linalochomekwa nyuma ya televisheni bila kuhitaji dishi kabisa.

Muuzaji anayejibu kwa kuangalia mzigo alio nao stoo huuza mara moja tu. Mteja akigundua baada ya wiki mbili kwamba boksi limemaliza bando la mwezi mzima, atarudi dukani, lakini hatarudi kununua. Katika senta ambayo kila mtu anamjua mwenye duka kwa jina, hasara ya namna hiyo haiandikwi kwenye daftari na bado hulipwa.

Tofauti kubwa kati ya vifaa hivi haiko kwenye ubora wa picha, ingawa matangazo yote ya biashara husema hivyo. Iko kwenye namna ya kulipa. Dishi hulipiwa kwa mwezi, na ukishalipa unaweza kutazama saa 1 au saa 700 kwa bei ile ile. Intaneti hulipiwa kwa kila saa ya kutazama, hata kama kwenye vocha pameandikwa MB. Diski ya kurekodi si njia ya tatu ya kupata vipindi: ni ghala la kuhifadhia kile ambacho dishi limekwisha kuleta. Anayeinunua akidhani itamwondolea ada ya mwezi atakuwa amenunua ghala bila kuwa na mazao.

Hesabu ya bando

Kampuni ya Netflix ya Marekani, iliyofungua huduma zake Tanzania na katika nchi nyingine nyingi Januari 2016, huwaeleza wateja wake kwamba picha ya kawaida hutumia hadi GB 0.7 kwa saa, na picha angavu ya HD hadi GB 3 kwa saa. Kiwango cha chini kabisa, kinachofaa kwa kioo cha simu, ni kama GB 0.3. Takwimu hizo zinatosha kufanyia hesabu, hata kwa mteja ambaye hana haja na Netflix na anachotaka ni mpira.

Chukua mfano wa bando linalouzwa kwa wastani wa Sh 2 kwa MB moja, yaani Sh 2,000 kwa GB. Upande wa pili weka kifurushi cha dishi cha Sh 25,000 kwa mwezi, pamoja na vifaa na malipo ya fundi ya jumla ya Sh 120,000. Gharama hiyo ya vifaa ikigawanywa kwa miezi 24 ni Sh 5,000 kwa mwezi, kwa hiyo dishi linamgharimu mwenye nyumba Sh 30,000 kila mwezi. Bei hizi ni za mfano tu, na kila muuzaji aweke zake za wiki hii.

Fedha hiyo hiyo ya Sh 30,000 hununua GB 15. Kwa picha ya kawaida, GB 15 ni saa 21 za kutazama kwa mwezi, au dakika 43 kwa siku. Programu yenyewe ikiwa na ada yake, mathalani Sh 10,000, zinabaki GB 10, ambazo ni dakika 29 kwa siku. Hapo ndipo mpaka ulipo. Nyumba inayotazama chini ya nusu saa kwa siku haina sababu ya kupanda dishi. Nyumba inayotazama zaidi ya hapo inapoteza fedha kila inapofungua boksi la intaneti.

Nyumba ngapi za Lusewa zenye televisheni hutazama nusu saa tu? Taarifa ya habari peke yake huimaliza. Familia inayowasha saa 1 jioni na kuzima saa 4 usiku hutazama saa 90 kwa mwezi, sawa na GB 63 za picha ya kawaida. Kwa bei ya mfano huu, hiyo ni Sh 126,000. Wakiamua kutazama HD kwa sababu televisheni mpya inaiweza, hesabu inafika GB 270 na Sh 540,000, fedha ambayo mtu mwenye akili timamu angeanza nayo kufyatua tofali.

Kijana anayeishi peke yake, mwenye simu janja, na anayetaka kuona mechi mbili tu za timu yake kwa mwezi ni habari nyingine. Saa nne za kioo cha simu ni GB 1.2, kama Sh 2,400 za bando pamoja na ada ya programu. Kumuuzia huyu dishi ni kumbebesha mzigo usio wake.

Zote hizo ni hesabu za mahali ambapo intaneti inafika kwa nguvu ya kutosha. Netflix hupendekeza kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya HD ya kiwango cha chini, na megabiti 5 kwa HD kamili. Mnara uliojengwa kwa ajili ya kupiga simu na kutuma fedha hautoi kasi hiyo, hata kama alama za mtandao kwenye simu zimejaa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni za simu ili zipeleke minara vijijini, na kila mnara unaoongezwa hubadilisha hali ya kitongoji kimoja kimoja. Kwa hiyo kabla ya kuuza boksi, muuzaji anashauriwa kumwuliza mteja anakoishi, kisha ajaribu kwa simu kule kule nyumbani saa 2 usiku, wakati watu wote wapo mtandaoni. Jaribio la saa 4 asubuhi dukani halina maana.

Fedha ya msimu, ada ya mwezi

Dishi nalo lina ubaya wake, na ubaya huo unamgusa mkulima kuliko mfanyakazi wa serikali. Mshahara huja kila mwezi kama ada inavyokuja kila mwezi. Ufuta hauji kila mwezi. Anayefunga dishi Julai akiwa na fedha mkononi hulipa kwa raha mpaka Novemba, na ikifika Januari, wakati mbolea, palizi na ada za shule vinaligombania pochi moja, king'amuzi hukaa kimya juu ya kabati kikiwa na kitambaa. Mtu wa namna hiyo ana njia mbili. Akiwa na nidhamu, alipie miezi kadhaa mbele wakati wa mauzo, pale kampuni inaporuhusu. Au afunge dishi la chaneli za bure, ambalo hununuliwa mara moja na halidai kitu baadaye. Atakosa mpira mkubwa, lakini televisheni haitazimika.

Achunguze pia ni chaneli zipi zimo kwenye kifurushi, kwa sababu orodha hubadilika kwa sababu zisizohusiana na mteja. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizitaka kampuni za ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia ziondoe chaneli za ndani zinazopaswa kutazamwa bure, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu kuzitoza. Wapo waliokuwa wamenunua kwa ajili ya chaneli hizo hizo.

Upande wa mpira, mgawanyo unaeleweka. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko kwa Azam Media, iliyosaini Mei 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Ligi ya Uingereza huonekana DStv kupitia SuperSport. Kampuni zote mbili zina programu za simu kwa ajili ya intaneti, kwa hiyo mteja hachagui kati ya mpira na kukosa mpira, bali njia ya kuuleta.

Fundi anayepanda dishi Lusewa hukuta jambo moja linaloshangaza wanunuzi. Setilaiti inayobeba DStv kwa Afrika Mashariki iko nyuzi 36 mashariki, karibu na mstari huo huo unaopita Ruvuma, kwa hiyo dishi lake hutazama juu karibu wima, likielemea kidogo kaskazini. Azam iko nyuzi 7 mashariki, na dishi lake hulala kuelekea magharibi. Nyumba yenye mwembe mkubwa upande wa magharibi inaweza kupata moja kwa urahisi na nyingine kwa taabu, na mteja ajulishwe kabla ya kulipa, si baada ya fundi kudai mti ukatwe. Mvua kubwa za Desemba hadi Aprili hukata picha ya dishi lolote kwa dakika chache. Si ugonjwa wa king'amuzi, na wala si sababu ya kununua kipya.

Diski inalipa lini?

Kurekodi televisheni si jambo geni nchini. Ukweli ni kwamba Tanzania Bara ilikuwa na deki kabla ya kuwa na kituo cha televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, lakini Bara vituo vya kwanza, vya watu binafsi, vilianza 1994. Kabla ya hapo waliokuwa na seti walitazama kanda. Kinasa chenye diski badala ya kanda kiliingia sokoni Marekani mwaka 1999 kupitia TiVo. Kwa upande wa Afrika, MultiChoice ilizindua Explora mwaka 2013.

Diski humwezesha mtu kupanga kipindi kirekodiwe akiwa hayupo, kusimamisha picha inayokwenda, na kuirudisha nyuma. Swali la mfanyabiashara ni kama faida hiyo inafikia bei yake. Chukua tena mfano: king'amuzi chenye diski kikimzidi mwenzake wa kawaida kwa Sh 200,000, tofauti hiyo kwa miezi 24 ni kama Sh 8,300 kwa mwezi. Kipindi ulichokikosa ukikitafuta kwenye intaneti kwa picha ya kawaida, saa moja ni GB 0.7, yaani Sh 1,400. Kwa hiyo diski hurudisha gharama yake ikiwa nyumba inarekodi na kutazama kweli zaidi ya saa 6 kwa mwezi, juu ya kile inachotazama moja kwa moja.

Saa 6 si nyingi. Mama anayerudi shambani jioni na kuwa jikoni wakati tamthilia inaonyeshwa huzifikisha kwa wiki mbili. Watoto wenye katuni moja wanayoitazama mara kumi huzifikisha kwa siku tatu. Mpenzi wa mpira hazifikishi kamwe, kwa sababu mechi iliyorekodiwa usiku haina thamani asubuhi: matokeo yameshapita redioni, kwenye simu na kwa jirani kabla chai haijachemka. Michezo ya Kombe la Dunia la 2026, iliyopangiwa Marekani, Kanada na Mexico, ambako jioni yao ni usiku wa manane kwetu, ni mfano mzuri wa kitu ambacho watu husema watarekodi, kisha hukesha. Ajabu ni kwamba katika nyumba nyingi anayelipia king'amuzi ni mtu wa mpira, na anayefaidi diski ni mwingine. Muuzaji mwenye busara husubiri waje wote wawili.

Kuna masharti matatu ambayo hayaandikwi kwenye boksi. Kwanza ni umeme. Ruvuma iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya Makambako hadi Songea, na hali si ile ya jenereta za dizeli, lakini king'amuzi hakirekodi kama LUKU imeisha au umeme umekatika saa ile ile ya kipindi, na diski inayozunguka hupenda kuharibika umeme unapokatika na kurudi ghafla. Kifaa cha kulinda umeme si anasa hapa. Pili, vipindi vilivyorekodiwa kwenye king'amuzi cha kulipia kwa kawaida hufungwa ndani ya kifaa hicho. Haviwezi kuhamishiwa kwa jirani, na kampuni inaweza kuvizuia kifurushi kikiisha. Tatu, wakati mwingine kazi ya kurekodi hutozwa ada yake. Maswali haya yaulizwe kwa wakala kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Ipo njia ya bei nafuu zaidi ambayo wauzaji wengi hawaitaji, pengine kwa kuwa faida yake ni ndogo. Ving'amuzi vingi vya chaneli za bure vina tundu la flashi nyuma au mbele, na hurekodi humo. Flashi ya kawaida hubeba saa kadhaa. Kwa mkulima anayesubiri msimu, dishi la bure pamoja na flashi ndiyo seti inayoeleweka kuliko zote. Na mwenye simu naye ana diski bila kujua: programu nyingi za kutazama, Netflix ikiwemo tangu Novemba 2016, huruhusu kupakua kipindi na kukitazama baadaye bila mtandao. Pale kampuni ya simu inapouza bando la usiku kwa bei ya chini, kupakua usiku na kutazama mchana hupunguza sana ile gharama ya Sh 1,400 kwa saa.

Mtaji uwekwe wapi?

Kwa mwenye duka, hatari si kuchagua kifaa kibaya, bali kushika mzigo mkubwa wa kifaa chochote. Bei ya king'amuzi hupangwa na kampuni, na kampuni ikitangaza promosheni, wakala aliyejaza stoo kwa bei ya zamani ndiye anayebeba tofauti. Kamisheni ni nyembamba. Faida iliyo mikononi mwa muuzaji mwenyewe iko kwenye vitu ambavyo hakuna kampuni inayovitangaza: waya wa dishi kwa mita, viunganishi, vichwa vya dishi, rimoti, adapta, vyuma vya kufungia ukutani, kifaa cha kulinda umeme na flashi. Dishi lililofungwa leo litahitaji kimojawapo kabla ya mwaka kuisha, awe amelinunua kwako au Songea mjini. Fundi mzuri anayeelewana na duka ni sehemu ya mtaji huo.

Maboksi ya intaneti yaagizwe mawili matatu, kwa mteja aliyejaribiwa mtandao nyumbani kwake au mwenye intaneti isiyopimwa kwa GB. Mwenye gesti ni mmoja wa hao. Akitaka kila chumba kiwe na chaneli yake kwa dishi, atahitaji king'amuzi na kifurushi kwa kila chumba. Laini moja ya intaneti isiyo na kikomo, kama inapatikana na ina kasi, hugawanywa kwa vyumba vyote na wageni huitumia kwenye simu pia. Hapo hesabu yote ya juu inageuka.

Historia ya bidhaa hizi haimhurumii mwenye mzigo. Uzimaji wa mitambo ya analojia ulioanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 uliwapa biashara kubwa wauzaji wa ving'amuzi, huku antena za zamani zikibaki ukutani. Funai ya Japani, iliyokuwa ikiendelea kutengeneza deki za kanda, iliacha Julai 2016. TiVo yenyewe, iliyoanzisha biashara ya diski, iliacha kuuza vinasa vyake mwaka 2025. Soko la Marekani si la Lusewa, na dishi lina miaka mingi mbele yake katika nchi ambako bando bado linapimwa, lakini diski ni bidhaa ya kuagiza kwa oda ya mteja aliyetanguliza fedha.

Wenye vibanda umiza wana suala lao. Kifurushi cha nyumbani kimeuzwa kwa matumizi ya nyumbani, na kuwatoza watu kiingilio kwa kifurushi hicho ni kuvunja mkataba na kampuni. Maonyesho ya sinema kwa umma yanasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na kunakili sinema za watu kwenye flashi na kuziuza kunagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Anayetaka kufungua kibanda kwa ajili ya mashindano ya AFCON ya 2027, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa Septemba 2023, aanze na kibali na kifurushi cha biashara, kisha ndipo anunue viti. Kibanda kilichofungwa na maofisa siku ya mechi ya kwanza hakirudishi mtaji.

Kwa mwekezaji mdogo asiye na duka, mlango ni mwembamba. Azam Media ni ya kundi la Bakhresa na hisa zake haziuzwi kwa umma. MultiChoice iliingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa Septemba 2025. Upande wa bando, Vodacom Tanzania iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017 baada ya kuuza hisa kwa Sh 850 kila moja, na hisa zake hununuliwa kupitia wakala yeyote wa soko hilo aliyesajiliwa. Anayezinunua kwa kuamini kwamba watu watahama dishi kwenda intaneti akumbuke kwamba kampuni za simu hupata faida bando likiwa ghali, ilhali watazamaji watahama pale tu litakapokuwa rahisi.